Finjani Isiyotikiswa

Alhamisi, saa tisa na robo alasiri, robo saa kabla ya fainali ya vyuo, Humaid bin Nasor alikuwa kasimama katika chumba cha wageni cha Chuo cha An-Nakhil, nje kidogo ya Ibra, dele la kahawa mkono wa kushoto, finjani zimepandana mkono wa kulia. Kahawa kaipika mwenyewe, iliki ya kutosha, zafarani kidogo, sukari hata chembe. Chumbani mlikuwa na watu tisa: refa na washika vibendera wake wawili, makocha wawili, makepteni wawili, karani wa kamati ya mashindano, na mgeni rasmi. Humaid aliwamiminia mmoja mmoja, akianza na mgeni rasmi, kisha akashika upande wa kulia.

Desturi ya kahawa kila mtu Oman anaijua. Anayemimina haachi kumimina mpaka mgeni aitikise finjani. Unakunywa, unaitikisa kidogo mbele ya macho yake, maana yake basi, inatosha. Usipoitikisa, anajaza. Ukiiweka chini bila kuitikisa, basi hiyo haijesha.

Humaid aliijua desturi hii kwa taabu. Alipokuja Oman mwaka sabini na mbili, kijana wa miaka kumi na nne, Kiarabu chake cha msahafuni tu, yeye na baba yake waliingia nyumba ya jamaa wa kabila lao wakanywa finjani kumi na saba kila mmoja. Kwao Vikokotoni, Unguja, mtu akishamaliza kahawa huweka kikombe chini akaenda zake, nani kamwambia atikise? Baba yake alitetemeka mikono siku mbili. Tangu hapo watu wana mzaha wao: Mzinjibari hajui kutikisa. Wanausema harusini, wanausema benki, wanausema mbele ya watoto waliozaliwa hapo hapo Ibra, ambao Unguja wameiona kwenye simu tu. Humaid hucheka nao. Afanyeje? Miaka kumi na mitano sasa yeye ndiye mpika kahawa wa chuo, na wilaya nzima hakuna amshindaye kwa kujua nani katikisa na nani hakutikisa.

Siku hiyo, lakini, macho hayakuwa kazini. Alikuwa akimpeleleza mjukuu wake.

Sinan, miaka ishirini na moja, golikipa na kepteni wa An-Nakhil, alikaa mwisho wa safu, akanywa mbili, akatikisa vizuri kama babu yake alivyomfundisha tangu ana miaka minne. Humaid alimtazama usoni kutafuta alama. Jumanne iliyopita jirani yao Hamoud, ambaye ndiye karani wa kamati ya mashindano, alimsimamisha nje ya msikiti akamnong'oneza: "Mjukuu wako nimemwona Bidbid, kwenye mkahawa wa kituo cha petroli, kakaa na mtu wa Nizwa. Vichwa vimekaribiana. Mie simo, nakwambia tu."

Bidbid ndipo njia ya Ibra na njia ya Nizwa zinapokutana, na waliokuwa wacheze na An-Nakhil ni Chuo cha Al-Burj cha Nizwa. Mtu mzima akikwambia mie simo, jua yumo mpaka kiunoni. Hata hivyo neno lilimwingia Humaid na halikutoka. Sinan mwenyewe Humaid hakumwuliza. Aliogopa jibu.

Mpira ulianza saa tisa na nusu. Dakika ya tatu Al-Burj wakafunga. Dakika ya sita wakafunga. Dakika ya tisa wakafunga mawili, moja nyuma ya jingine, kabla watu hawajakaa vizuri.

Hayakuwa mabao ya mashuti. Mpira ulikwenda golini taratibu, wala haupandi wala haushuki, na Sinan akiruka upande ule ule, mikono miwili mbele, nao ukampitia katikati ya glavu, ukaingia wavuni ukatulia. Alicheza vizuri. Hilo ndilo lililowatia watu shaka zaidi.

Waliokaa nyuma walisema refa kala rushwa. Waliokaa mbele walisema nyasi zimekatwa kwa mwinamo. Wengine walisema haya ni uchawi wa watu wa ndani huko, na wazee wawili waliteremka kwa idhini ya polisi wakachimba chini ya nguzo ya goli kutafuta hirizi. Walitoa kandambili moja na kifuniko cha soda. Polisi akaviandika, akavirudisha shimoni.

Dakika ya thelathini wachezaji wa Al-Burj wenyewe walianza kuona haya. Wakawa wanaupiga mpira nje kusudi, nao ukipinda ukarudi. Golikipa wao aliupiga apate kuufikisha kati tu, ukavuka uwanja mzima ukaingia. Akainua mkono kuomba radhi. Mshambuliaji wao mmoja alikaa chini kwenye duara la katikati, akafungua mkebe wa halwa, akawa anakula kwa kidole, na bao la kumi na mbili likaandikwa jina lake kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu.

Humaid alikuwa kasimama nyuma ya goli la mjukuu wake. Kila bao kwake lilikuwa shahidi mpya. Hapo angeweza kuushika. Hapo kachelewa kusudi. Kwa nini kageuza uso? "Kauza," alijisemea. "Mtoto kauza." Alijichukia kwa kulisema, kisha akalisema tena.

Walikwenda mapumziko kumi na nne kwa bila. Humaid alimfuata Sinan penye bomba la maji.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba. Bidbid ulikaa na nani?"

Sinan alishusha chupa. Hakuonyesha kushtuka, wala hakukimbiza macho. "Soud. Kaka yake Wasan."

"Wasan nani?"

"Bint mmoja wa Nizwa, Babu. Anasomea ufamasia. Nataka uende ukaniombee kwao. Soud anasema baba yao hana neno, ila lazima aulizie kwanza, sisi watu gani, jina letu vipi. Nilitaka kukwambia leo tukichukua kombe." Akazitazama glavu zake. "Mimi mpira nashika, Babu. Wallahi nashika. Mkono yangu inagusa kabisa, halafu hakuna kitu."

Siku nyingine Humaid angemsahihisha Kiswahili chake. Siku hiyo alimshika bega tu, akamwahidi kwenda, akaona aibu mpaka masikio yakamwaka. Lo! Mjukuu anatafuta mke, yeye babu anatafuta mwizi.

Kipindi cha pili kilipoanza alirudi chumba cha wageni kuongeza kahawa. Chumba kitupu, meza zimejaa kokwa za tende. Kando ya kiti kikubwa, kile cha mgeni rasmi, palikuwa na finjani imejaa. Humaid akanyoosha mkono aiondoe, akasita. Kahawa ilikuwa ikishuka. Ilishuka kidogo kidogo kama inayonywewa na mtu asiye na haraka, ikafika chini, ikakaa kidogo, kisha ikajaa tena mpaka pale pale. Uwanjani watu wakapiga kelele. Kumi na tano.

Humaid alivuta kiti akakaa. Si mtu wa kukurupuka. Alingoja bao la kumi na sita, akangoja na la kumi na saba. Hapo akili ikamrudi akawahesabu watu wake. Walitikisa wanane. Wa tisa ni mgeni rasmi, Mheshimiwa Yaqoob, mtu wa cheo kutoka Maskati aliyekuja kukabidhi kombe. Alikunywa tatu, akajaziwa ya nne, simu ikalia, akainuka nayo sikioni, akaiweka finjani mezani akatoka. Humaid aliona yote hayo kwa pembe ya jicho, lakini jicho lenyewe lilikuwa kwa Sinan.

Jambo si geni. Mwaka themanini na tisa, mjini Jalan Bani Bu Hassan, mtu aliacha finjani bila kuitikisa kwenye harusi, na ngoma ikalia siku tisa mpaka bwana harusi mwenyewe akaikimbia. Jalan Bani Bu Ali iko nyumba iliyopokea rambirambi miezi minne kwa maiti mmoja. Na dawa yake inajulikana: mwenye finjani aje ainywe, aitikise, khalas. Asipopatikana, mwingine anaweza kuinywa na kuitikisa badala yake, lakini akishafanya hivyo finjani inakuwa yake, na yote iliyoyamimina yanakuwa yake. Anayemimina ndiye pekee asiyeweza. Humaid alijua hayo, hata hivyo alijaribu. Akainywa, akaitikisa, ikajaa. Kumi na nane.

Akaiweka kwenye sinia, akapanda nayo jukwaani ngazi kwa ngazi, asimwage. Mheshimiwa Yaqoob alikuwa kakaa kwenye kochi lililoletwa kutoka ofisini, Hamoud kando yake na makaratasi mapajani.

"Mheshimiwa," Humaid alisema kwa Kiarabu, kwa adabu zote, "umesahau kuitikisa."

Mheshimiwa aliitazama finjani kama mtu anayeonyeshwa kiatu cha mwenzake. "Mimi kahawa sinywi. Nina presha."

"Ana presha," Hamoud akasema upesi.

"Ana presha," wakasema watatu waliokaa nyuma, ambao hawakuwemo chumbani.

"Nilikumiminia mwenyewe, Mheshimiwa. Nne."

"Mzee Humaid," Hamoud akasema, sasa kwa sauti ya kusikika safu nzima, "hebu tuzungumze kama watu wazima. Chumbani mle walikuwemo watu tisa. Nani katika hao anatoka kwa watu wasiojua kutikisa?"

Safu nzima ikacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Mzaha wenyewe wameuzoea. Kisha kicheko kikanyamaza polepole, na watu wakawa wanatazama chini, golini, kule Sinan alikokuwa akiutoa mpira wavuni. Humaid aliwaona wakitazama. Yeye naye alikuwa kamtazama vivyo hivyo kipindi kizima cha kwanza, na hilo ndilo lililomchoma.

Dakika ya tisini ilipotimia refa alipuliza filimbi kumaliza, haikulia. Akaipangusa, akapuliza tena, mashavu yamejaa, haikulia. Mshika kibendera akamwazima yake, haikulia. Kanuni inasema mpira haujesha mpaka filimbi ilie, basi wakaendelea. Ishirini na sita. Ishirini na saba. Beki mmoja wa An-Nakhil alianguka, akanyanyuliwa, akaanguka tena, akaachwa. Jua limeshakwenda nyuma ya mitende na magharibi haikuwa mbali.

Kamati ikakutana pale pale jukwaani kwa dakika mbili. Ikaamua kwamba suala la finjani limethibitika, na kwamba mwenye finjani ajitokeze kwa hiari. Humaid akazungushwa na sinia lake. Kocha wa An-Nakhil alitia mikono mifukoni. Kocha wa Al-Burj akasema yeye katikisa, mashahidi wapo, na kweli walikuwepo. Mkuu wa chuo alijibu simu isiyolia. Mheshimiwa Yaqoob aliulizia saa ya magharibi. Watu mia nne walikuwa uwanjani na kila mmoja alikuwa na kiu, lakini hakuna aliyenyoosha mkono.

Sinan aliliacha goli lake wazi, na kwani lilikuwa na tofauti? Akapanda ngazi, viatu vya njumu vinagonga saruji.

"Ndiyo hii, Babu?"

"Usiinywe," Humaid akamwambia kwa Kiswahili. "Nakuomba, mwanangu. Ukiinywa inakuwa yako. Yote, mpaka la kwanza. Nizwa watasikia."

"Si yangu. Wewe umeniona nikitikisa."

"Nimekuona."

"Basi wewe unajua." Sinan akavua glavu. Akatazama kochi, akatazama safu ya mbele na ya nyuma, akiwapa watu nafasi. Akamtazama beki wake aliyelala kifudifudi. "Kuna mtu mwingine, Babu? Mimi sioni mtu."

Akainywa. Imepoa, chungu, akaimaliza na machicha. Akaitikisa, kulia, kushoto, vizuri kabisa. Filimbi zote ambazo refa alikuwa kazipuliza zikalia pamoja, kumi na moja, na mbwa wa mashamba yote ya jirani wakaitika. Thelathini na moja kwa bila. Mheshimiwa alikabidhi kombe, akawapongeza wote kwa moyo wa kimichezo, akaingia garini. Watu wakaenda kusali.

Jumapili kamati ya nidhamu ilikaa. Humaid aliitwa awe shahidi, akavaa kanzu yake nyeupe kuliko zote na kilemba cha sikukuu. Alisema yote: finjani nne, simu, kiti kikubwa, nani alikaa wapi. Hakubabaika hata neno moja. Hamoud aliandika yote kwa hati nzuri, akamsomea, akamwuliza kama kuna kosa. Hapana kosa. Akapiga muhuri.

"Kamati inakushukuru," akasema kwa Kiarabu, "na inakusadiki. Lakini finjani ilikataa mkono wako, ikakubali mkono wa kijana. Finjani haisemi uwongo."

Walipotoka nje kwenye baraza, Hamoud, ambaye naye kazaliwa visiwani, Wete, na kwa mwaka mzima ofisini hatamki neno la Kiswahili, alimshika Humaid mkono wa kanzu. "Yakhe, unadhani mie sikuiona ile simu? Niliiona. Lakini mie nikisema, wataanza kuuliza Hamoud katokea wapi. Nna watoto."

"Na mie huyu nani wangu?" Humaid akamwuliza. "Paka?"

 Hamoud aliitazama saa yake, akarudi ndani.

Sinan alifungiwa mpira misimu miwili na picha yake ikateremshwa ukutani. Barua ikapelekwa vyuo vyote, na nakala kule Nizwa. Haikusema kauza. Ilisema kwamba finjani ilithibitika kuwa yake, na kila msomaji alijua aongeze nini. Wazee waliokuwa wakimwitikia Humaid salamu kwa maneno matano wakaanza kuitikia kwa mawili. Mkewe, Bi Ghaniya, alisema afadhali wangemtukana, matusi yana mwisho. Humaid naye alikuwa na lake la peke yake: kila akilala ubavuni aliisikia sauti yake mwenyewe nyuma ya goli ikisema kauza. Hakumwambia mtu.

Hata hivyo ahadi ni ahadi. Wiki ya tatu, Ijumaa baada ya sala, babu na mjukuu walikwenda Nizwa kuposa. Nyumba ya kina Wasan ilikuwa na mlango mkubwa wa chuma wa rangi ya kijani na sebule ndefu ya mazulia mekundu. Walipokelewa kwa heshima. Baba mtu alimkalisha Humaid upande wake wa kulia, akamwuliza hali, njia, watoto, mvua. Wajomba walikuwepo sita. Matunda yakaletwa, halwa ikaletwa. Hakuna aliyetaja mpira.

Soud, yule kaka wa Bidbid, ndiye aliyekuwa akimimina. Kijana mpole, mkono mzuri wa kazi. Humaid alimtazama kwa jicho la ustadi akaridhika naye. Alimmiminia Humaid, Humaid akanywa mbili, akatikisa, finjani ikapokewa. Akammiminia Sinan. Sinan akanywa, akatikisa.

Soud akajaza.

Sinan akadhani kakosea yeye. Akanywa, akaitikisa tena, safari hii wazi zaidi, mara tatu, kifundo cha mkono kizima. Wajomba wote sita walikuwa wanatazama, nao wanatabasamu kwa upole, kama watu wanaomtazama mtoto akihesabu. Soud akajaza. Ya nne. Ya tano. Baba mtu alikuwa akieleza habari za bei ya mbuzi wa sikukuu. Jasho likamtoka Sinan juu ya mdomo. Alinyoosha mkono, akaitikisa finjani mbele ya macho ya Soud, polepole, hapana ambaye hakuona.

Humaid alivumilia mpaka ya saba. Kisha akasema, kwa Kiarabu kilichonyooka, katikati ya maneno ya mwenye nyumba:

"Ametikisa."

 Soud alimtazama mzee kwa adabu, wala hakuwa na hasira hata kidogo.

"Tumeona, ammi," akasema, akainamisha dele, akajaza ya nane.